Tunasema hatuna pesa ya kutibu sonona, kumbe tunailipia kila wiki

Katibu_Kadutu (mleta uzi), Bukavu

Wapendwa wa Kivu na wa Katanga, nanyi mnaosoma mkiwa ng'ambo, jambo.

Mimi ni katibu wa chama cha akiba cha akina mama hapa Kadutu. Vyama hivi mnavijua: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zake kwa watu watatu, kila wiki mtu ananunua hisa, mikopo inatoka, mwisho wa mzunguko tunagawana. Daftari naandika mimi. Ndiyo maana nimeona jambo ambalo hata jirani wa ukuta mmoja halioni: sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito (depression), inajitokeza kwenye daftari kabla watu wa nyumbani hawajashtuka. Hisa zinapungua. Mtu anachelewa, faini zinaanza, halafu jina lake linabaki bila kitu mbele yake. Kwenye mkutano watu wanasema amekuwa mvivu, au ana deni la siri, au amelogwa.

Kila nikiomba tuzungumze juu ya ugonjwa huu, jibu ni lile lile: "Mama katibu, magonjwa ya mawazo ni ya wenye pesa. Sisi tunatafuta bugali kwanza." Nakataa kabisa. Pesa tunatoa tayari, tena nyingi, ila tunazipeleka kwenye mlango usio wake.

Niwape mfano wa mama mmoja wa chama chetu. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuuandika, na nimebadilisha machache asijulikane. Alikuwa na meza ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Mume wake alifariki, matanga yakaisha, watu wakatawanyika, akajikaza miezi michache. Kisha akaanza kuamka saa tisa za usiku na kubaki akiangalia mabati mpaka kunakucha. Kichwa kikamuuma mpaka kwenye shingo, moyo ukampiga, tumbo likawaka moto. Akaenda kituo cha afya.

Siku tulipokaa naye kupanga madeni yake alileta mfuko mweusi wa plastiki umejaa karatasi za labo. Tulizitandaza mezani. Kipimo cha malaria: msalaba mmoja. Widali, kile kipimo cha tifoide: imepanda. Kinyesi: amiba. Wiki chache baadaye malaria tena, Widali tena. Halafu picha ya tumbo kwa mashine, "hakuna kitu". Halafu kituo kingine, wakaanza upya. Nyuma ya karatasi kulikuwa na dawa: kinini ya serumu, dawa ya tifoide, maji meupe ya tumbo, vidonge vya usingizi vya kununua farmasi. Kwenye karatasi zote zile hapakuwa na hata mstari mmoja unaoonyesha kwamba mtu alimuuliza, mama, unalala?

Mtaji wa sambaza ulikwenda huko. Mkopo aliouomba chamani "kwa biashara" ulikwenda huko. Shemeji yake akasema ni mkono wa mtu, mbuzi wakauzwa kijijini Kabare kwa ajili ya mufumu, yaani mganga wa kienyeji. Akafunga kavu kwenye chumba cha maombi, akatoka amedhoofika zaidi. Binti yake akaacha masomo ili akae mezani badala ya mama, na kwa kuwa hakujua bei ya jumla, wauzaji wa samaki kule ufukweni walimlalia. Haya yote ni bei ya sonona, lakini hakuna hata franka moja iliyoandikwa kwa jina hilo.

Alipona? Alipata nafuu kubwa, baada ya muuguzi mmoja kumuuliza maswali yanayotakiwa. Nitasimulia hapo chini. Kwanza dalili zenyewe, maana wengi wanadhani sonona ni kulia tu. Mtu anakuwa mzito rohoni karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, au anapoteza hamu ya vitu vyote alivyokuwa anavipenda: kwaya, mjukuu, hata kusuka nywele. Juu ya hapo usingizi unaharibika, chakula hakipiti au anakula kupita kiasi, mwili unachoka bila kazi, akili haikai mahali pamoja, anajilaumu kwa mambo yasiyo yake, anaona mbele ni giza, na wengine wanaanza kuwaza kifo. Huku kwetu mengi ya haya yanatoka kwa njia ya mwili. Mtu hasemi "nina huzuni". Anasema "kichwa, mgongo, moyo, tumbo".

Ugonjwa huu ni mkubwa kiasi gani? Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 280 hivi duniani wana sonona, na kwamba katika nchi maskini na za kati zaidi ya asilimia 75 ya wenye magonjwa ya akili hawapati matibabu yoyote. Shirika hilo hilo linasema sonona na wasiwasi vinapoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara ya dola trilioni 1. Kwetu, mwaka 2010 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika baadhi ya maeneo ya Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri. Waliulizwa watu wazima 998. Asilimia 40.5 walikuwa na dalili zinazofikia sonona kubwa. Wanne kati ya kumi! Kwenye chama cha watu 25, hesabu mwenyewe. Na tangu wakati huo tumepata nini? Mei 2023 mafuriko ya Kalehe yalichukua zaidi ya watu 400 kule Bushushu na Nyamukubi, wengine hawakuonekana hata wazikwe. Februari 2025 mji wetu ukachukuliwa na waasi wa M23, benki zikafunga milango, akiba ya watu ikabaki ndani.

Chama chetu kimebadilisha mambo mawili. Zamani mtu asipofika tulikuwa tunaandika faini papo hapo. Sasa, akikosa mara mbili mfululizo, wenzake wawili wanakwenda kumwona kabla kalamu haijagusa daftari. Hawaendi kudai, wanakwenda kukaa naye. La pili, mfuko wa jamii, ule tunaoutumia kwa uzazi, msiba na kulazwa, sasa unalipa pia nauli na kadi ya mtu anayekwenda kuonwa kwa ajili ya sonona. Lilizua mabishano makali, kuna waliosema tunafungulia watu mlango wa uongo. Mpaka leo sijaona mtu aliyejifanya ana sonona ili apate nauli ya moto, yaani pikipiki.

Nauliza: kwenye vyama vyenu, makanisa yenu, kazini kwenu, mnaulipiaje ugonjwa huu?

Enfirmie_Bagira

Asante mama katibu. Mimi ni muuguzi, miaka mingi kwenye kituo cha afya, na nitaongea bila kuwatetea wenzangu.

Ule mfuko mweusi wa karatasi nauona kila wiki. Widali inatafuta alama ambazo mwili uliziweka ulipopambana na tifoide. Alama hizo zinaweza kubaki damuni muda mrefu baada ya mtu kupona, na vimelea vingine vinaweza kuzipandisha. Katika mji ambao maji yake tunayajua, watu wengi watakuwa nazo. Malaria pia: mtu mzima aliyekulia eneo la malaria anaweza kubeba vimelea kidogo bila hivyo kuwa ndivyo vinavyomuumiza. Kwa hiyo karatasi inasema kweli, lakini haijibu swali lililomleta mgonjwa. Na sisi, foleni ni ndefu, labo inaingiza pesa ya kituo, mazungumzo hayaingizi kitu. Huo ndio ukweli.

Maswali ya kuanzia ni mawili tu, hayahitaji mashine. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au furaha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia mwenye huzuni, umevunjika moyo, huna matumaini? Mtu akijibu kwamba ni siku nyingi, unaendelea na mengine ya fomu ya maswali tisa, ile PHQ-9 ambayo ipo hata kwa Kiswahili. Inachukua dakika chache.

Tahadhari upande wa pili: si kila uchovu ni sonona. Upungufu wa damu, tezi ya shingo, virusi vya UKIMWI, kifua kikuu, mimba, vyote vinaweza kufanana nayo. Nachodai ni kwamba swali la usingizi na la roho liulizwe siku ile ile damu inapochukuliwa, lisingoje mpaka pesa iishe.

Na naomba sana: Valium, yaani diazepam, inayouzwa farmasi kama pipi, haitibu sonona. Inalaza, mwili unaizoea, halafu kuiacha inakuwa vita. Dawa za sonona zenyewe, kama fluoxetine na amitriptyline, zipo kwenye orodha ya dawa za lazima za Shirika la Afya Duniani, si za kifahari. Ila zinaanza kufanya kazi baada ya wiki kadhaa, na watu wengi wanaacha siku ya kumi wakisema "haifanyi kitu", au wanaacha wakipata nafuu kidogo. Zinaendelezwa miezi mingi baada ya nafuu, na kuacha ni polepole, kwa maelekezo. Amitriptyline ikizidishwa ni hatari, kwa hiyo nyumbani atunze mtu mwingine.

Mzee_wa_Ibanda

Wanangu, nimesoma yote. Nina swali la mtu mzima. Sisi tulipita vita ya 1996, tukapita ya 1998, tukapita Juni 2004 risasi zikilia mjini. Tulizika watu, tukarudi kulima. Hakuna aliyetuuliza kama tunalala. Leo mnaniambia njaa na vita ni ugonjwa wa kumeza vidonge. Ondoeni vita, leteni kazi, fungueni benki, mtaona hayo mawazo yanaisha yenyewe. Naona hapa kuna hatari ya kumwambia mtu aliyeonewa kwamba yeye ndiye mgonjwa.

Katibu_Kadutu (mleta uzi)

Mzee wangu, heshima yako. Neno lako la mwisho ni zito na nalibeba: mtu aliyeonewa asiambiwe tatizo ni yeye. Haki idaiwe, na benki zifunguliwe.

Lakini sikubali kwamba tungoje. Mwaka 2013 New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika huku huku kwetu, vijijini mashariki mwa Kongo. Ni akina mama 405 waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, wenye dalili nzito. Katika vijiji vingine walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, katika vingine walikaa vikundi na kufundishwa tiba ya mazungumzo hatua kwa hatua. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kijamii, Wakongo, waliofunzwa na kusimamiwa vizuri. Akina mama wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo masomo yalirahisishwa washike kwa kichwa. Miezi sita baada ya tiba, kwenye vikundi waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9. Upande mwingine walikuwa asilimia 42.

Vita haikuwa imeisha, mzee. Umaskini haukuwa umeisha. Watu walikuwa bado wanakimbia. Na bado akili zao zilipata kusimama. Kwangu mimi hilo ndilo jibu.

Tena naongeza: mtu mwenye sonona hawezi kupigania hiyo haki unayoitaka. Yule mama wa sambaza, ndugu wa mume walipokuja kudai nyumba, alitia sahihi bila hata kusoma. Aliniambia, "Niliona yote ni sawa tu." Angekuwa na nguvu zake asingetia.

Na wale mliorudi kulima baada ya 1996, mzee, mlirudi wote? Kila mtaa wa Bukavu una baba aliyekaa tu kitini tangu wakati ule. Tunapita, tunamsalimu, tunaendelea.

Motari_Essence

Banamama munasema muzuri, lakini na sisi banaume tuko. Miye niko motari, tangu asubui mupaka magaribi niko mu njia. Nitawaambia vile iko mu parking yetu. Muntu anaanza kukunywa kasiksi saa ine ya asubui, anagombana na kila kliya (abiria), bibi anakimbia kwao. Tunasema ule amekuwa mulevi. Kumbe ulevi ulikuya nyuma. Mbele alipoteza moto yake, baliiba, iko moto ya deni, hakusemea mutu. Mwanaume wa hapa akisema "roho inaniuma" bataanza kumucheka. Akikunywa, hakuna mwenye kumucheka. Njo maana anakunywa. Rafiki yetu moja aliangusha kliya mu mutelemuko juu ya usingizi, mwezi muzima alikuwa halale bujiku. Mugonjwa wa kliya, moto kuvunjika, ile yote tulichanga sisi. Andika na ile mu daftari yako, mama.

Enfirmie_Bagira

Ndugu motari, umesema jambo ambalo sisi wauguzi tunalikosa. Takwimu zinaonyesha wanawake wanaugua sonona zaidi ya wanaume, lakini mwanaume mara nyingi anaileta ikiwa hasira, pombe au mwendo wa kasi. Anaandikiwa dawa ya jeraha anarudi nyumbani.

Na pombe yenyewe inaongeza sonona. Usiku inampa usingizi, saa tisa inamwamsha akiwa mzito zaidi.

Mwana_wa_Katuba, Lubumbashi

Huku Katanga hatukupata vita kama yenu, na bado namwona baba yangu kwenye uzi huu. Alikuwa mtu wa shaba, kazi ya kuingia kwa king'ora na kutoka kwa king'ora. Mwaka 2003 kazi ikaisha. Akapewa bahasha, akanunua minibasi, ikafa ndani ya muda mfupi. Tangu hapo alikuwa anavaa ovaroli yake kila asubuhi, amesafisha viatu, anakaa kwenye veranda mpaka saa sita, halafu anaingia kulala. Miaka. Mama akawa anauza unga wa bugari kwa kipimo. Kaka zangu wakubwa wawili hawakumaliza shule, mimi nilimaliza kwa sababu shangazi wa Likasi alinichukua.

Hakuna aliyefikiria kumpeleka mahali. Tulikuwa na kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, cha watawa Mabradha wa Karita, hapa hapa mjini, lakini kwa akili ya mtaa pale ni pa mtu anayetembea uchi barabarani. Baba alikuwa amevaa vizuri. Ndiyo maana haikuingia akilini mwa mtu yeyote.

Dada_wa_Goma

Umenigusa, ndugu wa Katuba. Huku kwetu kituo cha Tulizo Letu nacho kinaogopwa hivyo hivyo, kama Sosame kwenu Bukavu, na vyote vitatu ni vya Mabradha hao hao. Mtu anaogopa kuonekana getini kuliko anavyoogopa kufa.

Mimi nilipata sonona baada ya kujifungua. Mtoto analia, mimi nimekaa naangalia ukuta. Mama mkwe alisema sina upendo wa mzazi. Mtoto hakuongezeka uzito, kwenye kupima watoto nikagombezwa mbele ya wenzangu kwamba simlishi. Walimpa mtoto chakula cha lishe, wakampa tena, na mimi niliyekuwa nashika kijiko sikuulizwa kitu. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya mwanamke mmoja kati ya kumi anapata hali hii akiwa na mimba au baada ya kuzaa. Waangalie mama na mtoto siku ile ile, kwenye benchi lile lile, gharama ni moja.

Aliyenisaidia ni jirani, mama mtu mzima, alikuwa anakuja kuniogeshea mtoto na kunitoa nje nitembee mpaka barabarani. Baadaye tukaenda pamoja kwa mtaalamu.

Katibu_Kadutu (mleta uzi)

Dada yangu, pole, na asante kwa kuandika. Huyo jirani yako ana wenzake Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Hakuwa na ofisi wala pesa, kwa hiyo bibi walikaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakawasikiliza na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Mwaka 2016 matokeo ya jaribio la wagonjwa 573 yalichapishwa, na waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bukavu hatukosi bibi wala mabenchi. Kinachokosekana ni mafunzo, na msimamizi wa kuwaelekeza wakikutana na mgonjwa mzito. Ni gharama, ndiyo. Mimi ningeilinganisha na kile kinachoondoka kwenye labo kila mwezi.

Mtumishi_Panzi

Naandika kama mzee wa kanisa, na mimi ndiye nilikuwa nataka kuja hapa kuwakemea mliosema chumba cha maombi kilimdhoofisha yule mama.

Nimerudi kusoma 1 Wafalme 19. Eliya, mtu wa Mungu, amekaa chini ya mti, anaomba afe: "Yatosha." Malaika hakumhubiria. Hakumwambia una imani haba, wala hakumpa mfungo. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula, akamwambia safari ni kubwa kwake. Maneno mengine ya Mungu yalikuja baadaye, amekwisha kula na kulala.

Sisi tunamfungisha kavu mtu ambaye hata hali. Nitalileta kwenye baraza letu: asiye na hamu ya kula wala usingizi asifungishwe, aombewe akiwa ameshiba, na mtu wa idara ya mashemasi amsindikize kwa muuguzi. Sitaki kudanganya kwamba watakubali wote.

Mzee_wa_Ibanda

Mtumishi, hapo umeniweka pazuri. Kuhusu vita nabaki na langu. Lakini mama katibu, yule baba wa kitini uliyemtaja, kwetu yupo. Ni mdogo wangu. Nitakwenda kumwona Jumapili.

Msomaji_tu

Samahani kuingilia. Mdogo wangu, kijana wa chuo, amesema mara mbili wiki hii kwamba ingekuwa afadhali asingezaliwa. Ameanza kugawa nguo zake. Mama anasema tusimuulize, tutamtia wazo. Nifanye nini?

Enfirmie_Bagira

Ndugu, hili si la kungoja kesho. Muulize leo, uso kwa uso, kwa upole na wazi: "Unawaza kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo. Mara nyingi kunampunguzia mzigo, maana amekuwa nao peke yake. Usibishane naye, usimhubirie, usimwambie wengine wana shida kuliko yeye. Msikilize.

Asibaki peke yake, hata usiku, pokezaneni. Ondoeni karibu naye dawa zote za nyumbani, sumu za panya na za shamba, na chochote anachoweza kujidhuru nacho. Kisha mpelekeni leo hii kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, mkiwa pamoja naye, na mseme mlangoni kwamba amezungumzia kifo na amegawa vitu vyake, ili asiwekwe kwenye foleni ya kawaida. Kugawa nguo ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito. Mwambie mama yako hivyo kutoka kwangu, na mwambie hakukosea kuogopa.

Turudishie habari.

Msomaji_tu

Nimemuuliza. Amesema ndiyo. Analia, nimemshika. Tunatoka sasa na mjomba.

Katibu_Kadutu (mleta uzi)

Tuko nanyi. Usiache kumshika. Nauli ikiwa shida, andika hapa mji uliopo, mtu wa karibu atajitokeza.

Motari_Essence

Kama uko Bukavu niandikie mu siri, nakuya na moto sasa hivi, bure.

Msomaji_tu

Tumefika. Daktari amezungumza naye peke yake karibu saa nzima. Amelazwa, mjomba analala naye, mimi nitabadilishana naye asubuhi. Amekunywa uji. Asanteni, siwezi kuandika mengi.

Mwalimu_Nyawera

Nimesoma kimya mpaka hapa. Nauliza kwa niaba ya wengi: mtu akifika kwa muuguzi ambaye hajazoea haya, aseme nini ili asirudishwe na karatasi ya Widali? Wazazi wa wanafunzi wangu wataniuliza.

Enfirmie_Bagira

Mwalimu, swali zuri. Asianze na kichwa wala tumbo, maana akianza hapo tutakimbilia labo. Aanze hivi: "Nina wiki nyingi silali vizuri, sina hamu ya kitu chochote, sijisikii kama mimi. Kichwa pia kinauma." Aseme lini ilianza na kitu gani kilitangulia: msiba, kuzaa, kufukuzwa kazi, kukimbia vita, au hakuna. Aje na mtu mmoja wa nyumbani anayemwona kila siku, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi anasema "si kitu". Aje na karatasi za zamani zote ili vipimo visirudiwe. Aseme dawa anazotumia, za farmasi na za mufumu pia, na kama anakunywa pombe kiasi gani, bila woga. Kisha aulize mwenyewe: "Je, inaweza kuwa sonona? Kama hapa hamtibu, naomba karatasi ya kunituma kwa anayetibu." Karatasi hiyo ya kumtuma ni muhimu, aing'ang'anie.

Katibu_Kadutu (mleta uzi)

Mwalimu, nayanakili maneno haya ya muuguzi kwa mkono nyuma ya daftari la chama, kwenye ukurasa wa faini, ili wale wawili wanaokwenda kumwona mtu wayachukue. Mkitaka picha ya ukurasa, niambieni niiweke hapa.

Na kuhusu yule mama wa sambaza, nilisema nitasimulia. Muuguzi alimwanzishia dawa, na kila Jumatano alikuwa anakaa na msaidizi wa kijamii, wanazungumza. Wiki za kwanza alitaka kuacha, sisi tukawa tunamsindikiza kwa zamu. Usingizi ulirudi kwanza, hamu ya chakula ikafuata, soko likaja mwisho kabisa. Sasa anauza makaa kwa vifungu vidogo, sambaza inahitaji mtaji ambao hana. Binti alirudi shule, ameachwa nyuma na wenzake. Deni la chama bado analilipa kidogo kidogo, na mkutano uliopita tulipiga kura kumfutia faini zote za miezi ile. Wawili walikataa. Zilifutwa.